Nguzo Nne Juu ya Jamvi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanahalima Shamte Matano
Umri: Miaka 46
Jinsia: Mwanamke
Kazi: Kuokota chaza na kulima mwani
Dini: Mwislamu
Makazi: Ndagoni, Kisiwa cha Mafia
Tarehe na saa: Jumapili, 26 Oktoba 2014, saa 2:30 asubuhi
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali (gati la mtu binafsi, pwani ya Ndagoni)
Mwandishi wa maelezo: WP Koplo Jovina

Mimi ni mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa kwamba ni kosa kusema uongo mbele ya askari, na nimeelewa. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa pikipiki baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu mama yangu mdogo Bimkubwa, mwenye umri wa miaka 68, amelala kituoni hapa tangu jana akituhumiwa kung'oa nguzo nne za gati la Bwana Edwin. Hakuzing'oa. Mimi najua kilichoziangusha, na katika habari hiyo nina mkono wangu. Naomba yaandikwe yote, hata yale yatakayonitia aibu.

Afande ameniambia nianze mwanzo. Mwanzo wake ni Jamvi.

Mbele ya kijiji chetu, maji yakipwa, pwani ni tope la kuzamisha mtu mpaka gotini na kuzidi. Palikuwa na sehemu moja tu, urefu wake kama hatua sitini na upana kama ishirini, ambako mtu alitembea bila kuzama. Hapo ndipo chaza wetu walipokaa. Wanaume wanapaita Mwambani, wakidhani chini kuna jiwe. Hakuna jiwe. Sisi wanawake tunapaita Jamvi kwa sababu tumepatandika wenyewe. Ukiokota chaza, ukawachemsha na kutoa nyama, magamba huyatupi wala huwapi wachoma chokaa. Unayaanika nyuma ya jiko, na bamvua linalofuata, siku maji yanapokupwa mbali kabisa, unayarudisha palepale ulipoyatoa. Mtoto wa chaza hashiki kwenye tope, hushika kwenye gamba la aliyemtangulia. Bibi yangu alirudisha, na mama yangu, marehemu Kijakazi, alirudisha. Mimi siku yangu ya kwanza kushuka pwani nilitwishwa pakacha la magamba ya mama nikaambiwa nimwage kwanza, ndipo niokote. Wanaume hatujawaeleza. Si siri, ila hawajauliza.

Mnamo tarehe 12 Juni 2014, kuanzia saa 4:00 asubuhi, ulifanyika mkutano wa kijiji nami nilihudhuria. Bwana Edwin ni mtu wa bara, ana nyumba ya wageni karibu na kijiji chetu na boti ya kupeleka watalii kuangalia papa potwe. Aliomba kujenga gati lake mwenyewe. Watu wa Hifadhi ya Bahari walikuja na ramani. Mwenyekiti wetu, Bwana Abeid, alitusomea masharti: gati liwe la nguzo za mbao, si ukuta wa mawe, lisimame upande wa kusini kwenye tope tupu kando ya mikoko iliyokufa, ambako hakuna chaza, na mgonjwa wa kijiji aruhusiwe kulipita bila kulipa. Mimi nilinyoosha mkono kukubali. Naomba hilo liandikwe vizuri, maana kuna wanaosema wanawake wa Ndagoni hawataki maendeleo. Mwaka uliotangulia tulimbeba jirani yangu Safia, mwenye uchungu wa kuzaa, mabegani mwetu kwenye tope hilo tukifuata mashua. Tulianguka naye mara mbili. Yeye alipona, mtoto hakupona. Kwa hiyo gati nilikuwa nalitaka.

Mnamo Jumatatu tarehe 11 Agosti 2014, kiasi cha saa 4:30 asubuhi, siku ya bamvua, nilikuwa Jamvini pamoja na Bimkubwa. Wanawake wengine walikuwa hawajashuka. Nilimwona fundi wa Bwana Edwin, mtu wa makamo anayeitwa Valence, kule upande wa kusini penye mikoko iliyokufa. Alikuwa na futi kamba na nondo ndefu ya kupimia. Alikuwa amezama mpaka mapajani. Akivuta mguu huu, ule unaingia. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kumcheka mtu mzima, nikamwendea.

Aliniambia, "Shikamoo mama, hebu nisaidie."

Nikamwambia, "Marahaba. Acha kupiga mateke, lalia ubavu."

Nilimtupia pakacha akalilalia kifua, nikamvuta mkono. Alipotoka alikuwa tope tupu mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza, "Mama, pwani yenu yote hii hakuna pagumu?" Nikamwambia pagumu papo, anifuate. Nikamleta Jamvini. Alipiga nondo chini, ikagonga. Akasogea hatua tatu akapiga tena, ikagonga. Alitabasamu. Akasema, "Mama umeniokoa mara mbili."

Sikumwambia kwamba chini si mwamba. Hakuuliza, nami nilikuwa na haraka ya kujaza pakacha kabla maji hayajarudi. Na nikisema kweli yote, nilifurahi. Miaka yote hiyo hakuna mwanamume aliyewahi kusimama pale akapasifu. Alipoondoka Bimkubwa aliniambia, "Mtu akisifu chumba chako huku anakipima, huyo anahamia." Nikamjibu kwamba yeye ana wasiwasi wa kizee. Ndivyo nilivyomjibu, na yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufa.

Mnamo Jumatano tarehe 10 Septemba 2014, saa 4:00 asubuhi, nilishuka pwani na kukuta nguzo nne zimesimama Jamvini, mbili mbili. Kila nguzo imekitwa kama futi mbili na kuzungushiwa saruji, na saruji imemwagwa juu ya chaza walio hai. Valence alikuwepo. Nilimwuliza nani kamruhusu kujenga hapa. Akasema, "Mama, si ulinionyesha mwenyewe?" Hakusema kwa ubaya. Alieleza kwamba kule kwenye tope nguzo zingetaka kushindiliwa futi kumi na tano, na mashine ya kazi hiyo haipo kisiwani. Hapa kuna mwamba, futi mbili zinatosha, na ni hatua arobaini tu kutoka palipoandikwa kwenye kibali. Nilimwambia, "Hapa hakuna mwamba. Haya ni magamba tuliyoyamwaga sisi." Aliniangalia akidhani namtania. Akasema, "Mama, nondo haidanganyi."

Wanasema wema hauozi. Wangu ulioza ndani ya mwezi mmoja, na harufu yake naisikia mpaka leo.

Aliyekuwa karibu na kusikia maneno ya Valence ni Bimkubwa peke yake.

Siku hiyohiyo, saa 8:00 mchana, nilikwenda kwa Mwenyekiti Abeid nikamweleza kwamba nguzo zimewekwa juu ya chaza. Sikumweleza habari ya tarehe 11 Agosti. Mwenyekiti alimpigia simu Bwana Edwin na kuiweka sauti ya juu. Bwana Edwin aliongea kwa adabu. Alisema ni hatua arobaini tu, ataandika barua kibali kirekebishwe, lakini kazi haiwezi kusimama kwa kuwa wageni wa papa potwe wanaanza kuja Oktoba. Mwenyekiti naye aliandika barua yake. Sijui barua hizo zimefika wapi. Karatasi ina mwendo wake na maji kupwa yana mwendo wake.

Kuanzia katikati ya Septemba boti ya Bwana Edwin ilifungwa kwenye nguzo hizo. Maji yakipwa inakaa chini juu ya chaza, yakijaa inainuka, na kila ikikaa inasaga. Jumatano tarehe 24 Septemba tulishuka wanawake kumi na wawili. Chaza aliyekufa hufunua kinywa. Tuliokota waliofunua vinywa mapakacha mawili na nusu, kwa siku moja, na wengi walikuwa wadogo kama ukucha wa dole gumba. Nililia. Sikuwahi kulia pwani tangu tulipotoka kumzika mama yangu.

Tulikaa palepale tukazungumza. Mwenzetu mmoja, Kidawa, alisema tulete mashoka. Wengine waliunga mkono. Bimkubwa alikataa. Nakumbuka maneno yake kwa sababu alisimama ili ayaseme: "Nguzo ni mali ya mtu. Msiguse mali ya mtu. Magamba ni yetu, tumeyaleta kichwani. Tuchukue chetu tuhame." Kidawa aliuliza, "Lakini huyu fundi aliyetoka bara juzi, nani kamwonyesha hapa?" Bimkubwa alinitazama, akanyamaza. Mimi nikaangalia chini nikajifanya natoa mwiba mguuni.

Tulianza kuhamisha Jamvi siku hiyohiyo. Tulifanya kazi tarehe 24 hadi 27 Septemba, na tena tarehe 7 hadi 11 Oktoba, kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 7:00 mchana, kwa kufuata bamvua. Yote yalifanyika mchana kweupe. Tulibandua chaza kwa vipande vya nondo vilivyofuliwa bapa, ambavyo ndivyo vifaa vyetu vya siku zote, tukazoa na magamba ya chini yake tabaka kwa tabaka. Tulipeleka kama hatua mia mbili upande wa kaskazini, kwenye mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko. Katika tabaka za chini tulikuta magamba meusi, makubwa kuliko ya siku hizi. Bimkubwa alisema hayo ni ya enzi za bibi yake. Hakutaka yachanganywe, aliyabeba mwenyewe.

Mlinzi wa Bwana Edwin anaitwa Mansuri, ni shemeji yangu. Alituona siku zote hizo. Siku ya tatu aliniuliza, "Shemeji, mnahamisha?" Nikamjibu, "Tunahamisha." Akasema, "Haya, kazi njema." Simlaumu. Aliajiriwa kulinda mbao na boti, na mbao na boti hatukuzigusa. Bimkubwa alichora mstari kwa kisigino, hatua moja kuzunguka kila nguzo, na ndani ya mstari huo hakuna aliyezoa.

Nimeulizwa na Afande kama nilijua kwamba tukizoa magamba nguzo zitaanguka. Najibu: nilijua hazitasimama. Siku sikuijua. Nimeulizwa kama tulihamisha kwa ajili ya kuziangusha. Najibu: hapana. Tulihamisha kwa sababu chaza walikuwa wanakufa. Hata hivyo nusu yao wamekufa njiani au huko tulikowapeleka, kwa kuwa chaza hapendi kuhama kama vile mtu mzima asivyopenda. Hakuna kati yetu aliyesherehekea.

Mnamo Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2014, kiasi cha saa 1:00 asubuhi, nilikuwa ufukweni nikianika mwani. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu kwa sababu ya bamvua. Boti ilikuwa imefungwa kwenye nguzo mbili za mbele. Niliona nguzo moja inainama polepole kuelekea kwenye boti, kisha ya pili yake. Hapakuwa na mtu yeyote majini. Hizo mbili zililala, na mbao zilizounganisha zikavuta za nyuma. Kabla ya saa 2:00 nguzo zote nne zilikuwa chini, na moja imetoboa ubavu wa boti. Nilisimama na mwani wangu mikononi. Siwezi kusema nilifurahi, wala siwezi kusema nilisikitika kama inavyotakiwa mali ya mtu ikiharibika.

Saa 4:00 asubuhi, maji yalipokupwa, Bimkubwa alishuka na kipande chake cha nondo na pakacha. Alisema magamba yaliyobaki ndani ya mistari sasa yatamezwa na tope, bora akayatoe. Alikuwa anachokoa kati ya nguzo zilizolala, Mansuri akatokea akitoka kunywa chai. Alimwona mwanamke, chuma mkononi, na nguzo chini. Akapiga simu. Mansuri hakusema uongo, alisema alichokiona, na alichokiona kilikuwa nusu.

Jana Jumamosi, saa 5:00 asubuhi, askari walikuja kumchukua Bimkubwa pamoja na nondo na pakacha lake la magamba. Aliulizwa mbele ya watu kama ndiye aliyeharibu gati. Hakujibu. Aliulizwa kama kuna mtu anayejua. Hakujibu. Watu waliona kunyamaza kwake ni kukiri.

Jana hiyohiyo saa 11:00 jioni nilimletea uji hapa kituoni. Nilimwuliza kwa nini hasemi. Aliniambia, "Nikianza kueleza nitaulizwa fundi alipajuaje pale. Nitakutaja mbele ya nani, mwanangu? Wewe una miaka mingi bado ya kushuka pwani na wale wanawake. Mimi yangu imekwisha." Kisha akaniuliza kama kuku wake wamelishwa.

Sikulala. Ndiyo maana niko hapa.

Kwa hiyo najitaja mwenyewe. Aliyempeleka fundi Valence Jamvini ni mimi, Mwanahalima Shamte, kwa miguu yangu, tarehe 11 Agosti. Kidawa na wenzake watajua leo, na wana haki ya kunisema. Kama sheria inaona kuna kosa katika kuzoa magamba yaliyotoka jikoni mwetu, basi sote kumi na wawili tulizoa, na mimi nimo. Kama kosa ni kuonyesha njia, nilionyesha peke yangu. Kwa Bimkubwa hakuna kosa hapo, alinionya na nikamjibu ovyo.

Bwana Edwin sina chuki naye. Akiweka gati lake pale tulipokubaliana, nitakuwa wa kwanza kumpitisha mjamzito juu yake.

Nimesomewa maneno yangu na ndivyo nilivyosema. Niliyoyaona yamo, niliyoyafanya yamo, na niliyokuwa nimeyanyamazia nayo sasa yamo. Sina la kuongeza, ila Bimkubwa hatumii sukari. Naomba chai yake isitiwe.

Sahihi ya shahidi: Mwanahalima S. Matano

MAELEZO YA ASKARI

Nimeandika maelezo hayo hapo juu kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akakubali na kutia sahihi mbele yangu saa 4:05 asubuhi.

Nyongeza, siku hiyohiyo, saa 9:20 alasiri. Kwa idhini ya mkuu wa kituo nilifika eneo la tukio saa 6:10 mchana nikiwa na shahidi, mtuhumiwa Bimkubwa, na mlalamikaji Bw. Edwin. Nilikwenda na vielelezo alivyokamatwa navyo mtuhumiwa: Na. 1, kipande cha nondo kilichofuliwa bapa, na Na. 2, pakacha moja la magamba ya chaza.

Nguzo zote nne nilizikagua. Hazina alama ya shoka, msumeno wala mtaimbo. Saruji iliyo kwenye vitako vyake imeshika magamba, haikushika jiwe.

Shahidi alinitahadharisha nisipite palipokuwa panaitwa Jamvi. Nilipita ili nijiridhishe. Katika hatua ya nne nilizama mpaka juu ya magoti. Mlalamikaji alikuja kunisaidia, naye akazama. Shahidi alituambia tusipige mateke. Mtuhumiwa aliomba ruhusa kutumia kielelezo Na. 2, nikamruhusu. Alikimwaga mbele ya miguu yangu, akayapanga magamba kwa viganja na kuyashindilia kwa goti. Nilikanyaga nikatoka. Mlalamikaji naye alitoka kwa kukanyaga hapohapo. Kiatu changu cha kushoto hakikupatikana.

Mlalamikaji alikaa ufukweni akijipangusa tope. Kisha alitamka mbele yangu kwamba hana dai dhidi ya Bimkubwa wala wenzake, na kwamba atarudi kwenye eneo lililoandikwa katika kibali. Alimwuliza mtuhumiwa, "Mama, kutandika jamvi jingine la kukanyaga kule kusini, niwape muda gani?"

Mtuhumiwa alimjibu, "Anza kula chaza, baba. Na magamba usitupe."

Jalada linapelekwa kwa mkuu wa kituo na pendekezo kwamba hakuna ushahidi wa kosa. Bimkubwa ameachiwa. Kielelezo Na. 1 kimerudishwa kwa mwenyewe. Kielelezo Na. 2 hakijarejeshwa stoo: kimebaki pale kilipomwagwa, na kwa maelezo ya shahidi hapaswi mtu kukitoa.

WP Koplo Jovina